Aliyenishikia Kontroo

Kama leo asubuhi umeshindwa kufunga kifungo cha blauzi, ukabaki umekaa kitandani unakitazama kana kwamba kimekutukana, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi si daktari. Ni katibu muhtasi wa shule ya sekondari hapa Milanzi, Sumbawanga, na ugonjwa wangu unaitwa baridi yabisi. Sitakueleza unaanzaje ndani ya mwili. Nilielezwa mara kadhaa, na kila mara nilitoka chumbani kwa daktari nimeelewa kidogo kuliko nilivyoingia. Nitakusimulia tu nilivyopita mimi, hadi nikatokea upande huu nikiwa bado nachapa.

Kwanza ujue nilikuwa na maringo. Nilijifunza kuchapa kwenye taipu za chuma, tukifunikwa mikono kwa kitambaa ili tusichungulie herufi. Kompyuta zilipokuja niliziona mchezo. Nilikuwa nachapa barua huku nabishana na mtu aliyesimama mlangoni, na barua inatoka safi. Sisi wa kazi hii tunaringia vidole kama wengine wanavyoringia nywele.

Ilianza mwezi wa sita. Wewe ambaye hujawahi kukaa huku kwetu Ufipa mwezi wa sita, upepo wake ni wa kukutoa machozi, na watu wanavaa sweta juu ya sweta. Niliamka vidole vimekuwa vigumu, vimevimba kwenye maungio, ngozi inang'aa. Nikasema ni baridi tu. Kila niliyemwonyesha alisema ni baridi tu. Jirani mmoja alisema nimetupiwa kitu, lakini huyo hata kuku wake akikosa kutaga amerogwa, nikamwacha. Ofisini nikaweka jiko la mkaa chini ya meza, mpaka Sista Mkuu, mkuu wetu wa shule, akaniambia nikiunguza shule atanidai mimi.

Mwezi wa saba nikashindwa kumega ugali. Mume wangu Deo, ambaye wote mtaani wanamwita Baba Faraja, anaendesha mashine ya kusaga, na siku hiyo alirudi mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi. Akaniona nasukumasukuma ugali wa ulezi pembeni mwa sahani. Alimega tonge, akachovya kwenye maharage, akaniwekea mdomoni. Nilitafuna huku nalia, na hasira juu.

"Mimi si mtoto wako," nikamwambia.

"Najua. Mtoto wangu angekuwa ameshamaliza."

Ndivyo alivyo yule mwanaume. Nilicheka, tonge likanipalia, akaanza kunipiga mgongoni.

Tukaenda hospitali. Wakapima damu, daktari akaandika jina la ugonjwa, akanipa dawa za maumivu, akasema nirudi majibu mengine yakitoka. Hapo ndipo jina lenyewe lilipotuponza. Dada yangu mkubwa, Yustina, ameolewa kule bondeni, Mtowisa. Aliposikia kwenye simu kwamba ni baridi yabisi, akafurahi kabisa.

"Si wamesema wenyewe ni baridi? Sasa unangoja nini huko juu? Baridi dawa yake ni joto. Shuka uje huku!"

Usicheke. Sote tulikubali, na mimi mwenye cheti changu cha uhazili nikiwa wa kwanza kufunga begi. Niliomba likizo ya ugonjwa, nikashuka bondeni kwa barabara ile ambayo hata mzima anafika mgonjwa. Yustina akanianika juani pamoja na mpunga wake. Asubuhi na jioni alinizika mikono kwenye mchanga wa moto, ananiimbia nyimbo za kanisani, ananifukuzia nzi. Hakuna mtu aliyenihudumia kwa upendo mwingi vile, na sitakubali asemwe vibaya. Lakini vidole vilizidi kuvimba, magoti nayo yakajiunga, na siku ya kuondoka walinipandisha garini kama gunia.

Nikarudi kliniki. Kama bado hujaanza kwenda, jiandae: utakaa kwenye benchi kuliko ulivyowahi kukaa kanisani. Beba sweta ya kukalia na kitu cha kutafuna. Na ukae karibu na watu, usijitenge, maana dawa nyingine ziko palepale kwenye benchi. Mimi nilikaa karibu na mama mmoja mwenye mtandio wa kijani, ameshika chupa ya chai kwa viganja viwili, bila kutumia vidole. Niliitazama mikono yake nikajiona.

"Na wewe ni baridi ya Sumbawanga?" nikamuuliza.

"Baridi? Mwenzangu, mimi natoka Kasanga. Kule ziwani tunalala nje kwa joto." Akacheka. "Hilo ni jina tu. Nani alikudanganya ni baridi ya hewa?"

Nikamweleza habari za Mtowisa na mchanga wa moto. Alicheka hadi nesi akatuangalia, nami nikajikuta nacheka naye, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nimeumwa kucheka kwa sauti mbele za watu. Anaitwa Mama Zuhura. Anafanya kazi kwa wakala wa mizigo pale bandarini, anaandaa karatasi za maboti yanayokwenda Zambia na Kongo, na ugonjwa huu alishakaa nao miaka. Nikamuuliza anawezaje kompyuta kwa mikono ile. Maana mimi, kuchapa kwa kidole kimoja kimoja nilikuwa bado naweza, polepole. Kilichoniua ni mausi. Kuikumbatia kwa kiganja, kuisogeza, kisha kubonyeza kwa kidole cha shahada, ilikuwa ni kama kupigwa msumari kwenye kifundo.

"Mausi ya nini?" akasema. "Mimi yangu nilishamrudishia bosi. Kila unachofanya kwa mausi kina njia ya mkato kwenye kibodi. Shika kitufe cha Kontroo, kile kilichoandikwa Ctrl, halafu bonyeza herufi ya kwanza ya kazi unayoitaka. Kusevu ni S, kukopi ni C, kuprinti ni P. Kubandika ni V, hiyo usiniulize kwa nini. Ukitaka kuhama sehemu kwenda sehemu kwenye fomu, bonyeza kitufe cha Tabu. Ukitaka kuchagua maneno, Shifti na mishale. Panya muache akalale."

Nilikuwa nimefanya kazi ya kompyuta miaka yote hiyo na sikuzijua zaidi ya mbili. Sikuwahi kuzihitaji, mkono ulikuwa mzima. Nikazikariri pale pale hadi nikaitwa ndani.

Daktari alinianzishia vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Nilichagua Jumapili baada ya Misa, ili kichefuchefu kinikute nyumbani. Akaniambia wazi: havifanyi kazi haraka, ni suala la miezi, nivumilie. Mimi nivumilie sawa, lakini shule ingenivumilia? Nilimfuata Sista Mkuu, nikamwonyesha mikono. Alinipa pole ya kweli, alinishika bega. Kisha akasema ukweli wake.

"Mama Faraja, kazi yako ipo. Lakini mitihani ya kufunga mwaka lazima itoke kwa wakati. Isipotoka, bodi wataniambia nitafute mwingine, na sitakuwa na la kuwajibu."

Nilitoka mle nikipiga hesabu. Faraja, binti yetu, yuko chuoni, na mashine ya kusaga kuna miezi inasaga na kuna miezi inangoja. Lakini nisikudanganye kwamba nilifikiria ada peke yake. Nilifikiria: nisipochapa, mimi ni nani?

Njia za mkato za Mama Zuhura zilikuwa na shida moja ambayo hakunitajia, maana mikono yetu haikuharibika sawasawa. Zinataka ushike vitufe viwili kwa pamoja. Mkono wangu wa kushoto haukufunguka kufika Kontroo na kubaki hapo, na wa kulia ndio huo umekufa. Nikamweleza Deo jioni tukiota moto. Akasugua kidevu.

"Kwani hicho kitufe kinahitaji elimu?"

"Kinahitaji kidole."

"Basi Jumamosi nakuja."

Akaja, amenawa mikono hadi kwenye viwiko, na bado unga ukamdondoka kwenye kibodi. Siku hiyo vidole vilikuwa vibaya mno, nikamwambia abonyeze vyote viwili yeye. Ni rahisi, nikamwambia, shika Kontroo kisha bonyeza herufi ya kwanza ya kazi nitakayokutajia. Kisha nikamtajia kwa Kiswahili, maana ndicho tunachoongea.

"Nakili!"

Deo akashika Kontroo, akatafuta N, akaibonyeza kwa nguvu kama anawasha injini. Mtihani wote wa Jiografia ukapotea. Skrini nyeupe, tupu.

"Yesu na Maria," akasema, akaondoa mikono juu kama mtu aliyekamatwa. "Nimeua."

Nami nikapagawa. "Hifadhi! Hifadhi upesi!"

Akabonyeza H. Kikatokea kidirisha kigeni ambacho sijawahi kukiona maishani. Ilinichukua muda kutulia na kugundua kwamba N ilikuwa imetufungulia ukurasa mpya tu, na Jiografia ilikuwa salama nyuma yake. Kosa lilikuwa langu. Mashine ile inajua Kiingereza, nami namwamrisha mume wangu kwa Kiswahili.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Hifadhi ni S."

"Hifadhi inaanza na S? Mimi shule niliyosoma haikuwa hivyo."

"Na nakili ni C."

"Mama Faraja, wewe shika herufi zako. Mimi nishike hiki kimoja."

Tukaishia hivyo. Yeye kwenye Kontroo, mimi kwenye herufi. "Shika!" anashika. "Achia!" anaachia. Jumamosi baada ya Jumamosi. Tukawa wazuri jamani, tukawa tunakwenda hata bila kusemeshana, nikivuta pumzi tu anajua. Kule mashineni aliwatangazia wateja kwamba siku hizi na yeye ni mtu wa ofisini. Nyakati zile za ugonjwa, nikiulizwa nilifurahi lini, nitakuambia zilikuwa Jumamosi.

Halafu Sista Mkuu akapita. Alisimama mlangoni, hatukumsikia, tukiwa katikati ya Hisabati ya Kidato cha Tatu. Deo akainuka.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele na milele, amina." Alitutazama wote wawili, akaitazama skrini. Alionekana anaumia kusema. "Baba Faraja, wewe ni mtu mwema, na ninachokiona hapa kimenigusa. Lakini hii ni mitihani. Ni siri ya shule. Siwezi kuruhusu mtu wa nje akae humu inapochapwa, hata kama ni wewe. Kesho mzazi mmoja akisikia, nitasema nini?"

Alikuwa na haki. Hilo ndilo lililouma. Deo alichukua kofia yake, akaomba samahani, akatoka.

Nyumbani hatukuzungumza vizuri. Aliniambia niache kazi, atasaga, tutakula, kwani tumeanza leo? Nikamjibu vibaya. Nilimwambia anafurahi nimekuwa kilema ili nikae ndani. Maneno gani hayo ya kumwambia mtu anayekulisha? Asubuhi akanivalisha blauzi, akanifungia vifungo kimoja kimoja kama kawaida yake, hakuniangalia usoni. Ukiumwa ugonjwa huu utawarushia maneno watu wako, nakuambia mapema. Wengi wao watakufungia vifungo hivyohivyo. Washukuru ukiwa bado una hasira, usingoje ikuishe.

Wiki ile nilijifungia ofisini peke yangu na mitihani iliyobaki. Nilikuwa nimepata kipande cha penseli chenye kifutio, nakishika kwa ngumi, nachapa kwa kile kifutio. Herufi ndogo zilikwenda. Herufi kubwa zilinishinda, maana nazo zinataka Shifti ishikiliwe. Niliigonga Shifti, herufi ikatoka ndogo. Nikaigonga tena. Mwisho nikapandwa na hasira, nikaipiga ile Shifti kwa kifutio, ta ta ta ta ta, nikiitukana kwa Kifipa.

Kikatokea kidirisha.

Ukiwa mchapaji unakijua. Ni kile kinachojitokeza na mlio wake ukigonga Shifti mara nyingi mfululizo, kinakuuliza kitu kwa Kiingereza, na kila mtu anakitukana na kubonyeza Hapana. Nilishakifunga sijui mara ngapi katika kazi yangu, na sikuwahi kukisoma. Siku hiyo nilitaka kukifunga pia, ila mausi iko mbali na mkono hautaki, nikagonga Enta ili kipotee tu. Kumbe Enta ni Ndiyo.

Nikagonga Shifti mara moja, nikainua penseli, nikagonga M. Ikatoka M kubwa.

Nilikaa nikiitazama. Nikajaribu Kontroo: nikagonga, nikaachia kabisa, nikaweka mkono mapajani. Nikangoja. Nikagonga S. Ikasevu. Kompyuta ilikuwa imenishikia kitufe yenyewe, inaningojea mimi na penseli yangu. Kumbe kile kidirisha kilitengenezwa kwa watu wa mikono kama yangu, na miaka yote hiyo kilikuwa kinaniuliza kwa adabu kama nahitaji msaada! Nililia pale ofisini. Nililia kwa furaha, nakuambia, kamasi hadi kwenye kibodi.

Kwa hiyo wewe mwenzangu, gonga Shifti mara tano, ukiulizwa sema Ndiyo. Baada ya hapo kila njia ya mkato itakuwa yako, kitufe kimoja baada ya kingine, kwa mwendo wako. Ukishazizoea utashangaa. Mimi sasa nilivyo na kidole kilichopinda namaliza barua mapema kuliko nilivyokuwa namaliza na mausi nikiwa mzima, maana mkono hauondoki kwenye kibodi kwenda kutafuta kishale kimejificha wapi. Na vidonge usiviache kwa sababu hujaona mabadiliko. Vyangu vilianza kujibu mvua zilipoanza. Siku moja nilijikuta nimekunja ngumi ndani ya mfuko wa sweta, bila kufikiria. Nywele zilipungua kwa dawa hizo, nikazifunga kilemba, yakaisha. Kipupwe kimeshapita tena tangu hapo, na asubuhi zingine bado ni ngumu, lakini ugali namega mwenyewe. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Zuhura, namshukuru Yustina na mchanga wake.

Nimebakiza jambo moja. Deo sikumwambia habari ya kile kidirisha. Tulikuwa bado tumenuniana, halafu niliogopa kusema kabla kazi haijaisha. Yeye alijua tu kwamba nahangaika peke yangu. Mitihani ikaisha, na ilitoka kwa wakati. Sista Mkuu aliichukua, akapekua kurasa, akaniuliza kama iliyobaki nimeifanya mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe, Sista. Akasema, "Basi tutaonana Januari," akaenda kuifungia kabatini.

Deo alikuja kunichukua jioni, akasimama nje ya mlango, hataki kuvuka kizingiti. Nikamwita aingie, siri za shule zimeshafungiwa. Nikafungua ukurasa mtupu, nikamwambia tazama. Nikagonga Kontroo. Nikainua mkono juu, wazi, auone. Kisha nikagonga S.

Aliinama hadi karibu na kibodi. "Nani kaishika?"

"Inajishika yenyewe. Nitafanya kazi peke yangu sasa. Na Januari narudi, Sista kasema."

Akavuta kiti chake kilekile cha Jumamosi, akakaa. Akawa anakitazama kile kitufe tu. Nikadhani nimemuumiza, kwamba nimemwonyesha hahitajiki.

"Umekasirika?"

"Hapana." Akafuta uso kwa kiganja, unga ukamwachia mstari. "Moyo umenitulia. Nilikuwa naogopa, Mama Faraja."

"Unaogopa nini?"

"Kila nikishika kile kitufe nilikuwa najiuliza, nikitangulia mimi, nani atakushikia."

Nikamwambia hafi mtu hapa, asimame twende nyumbani, nina njaa. Lakini mimi sikusimama, na yeye hakusimama.